Mafuta ya Nyonyo na Pikipiki ya Upande Mmoja

Vijana wa kijiwe cha Itetemia, zimeni kwanza hizo pikipiki. Mlinijia wiki iliyopita mkaniambia, mzee, tuandikie chochote kuhusu ufundi tukibandike kijiweni. Nikauliza mnataka kitu cha kubandika au kitu cha kusoma. Mkacheka, nikaelewa kwamba hamjui tofauti. Basi hiki ni cha kusoma. Anayetaka cha kubandika akasome stika ya bima, kama anayo.

Nimetengeneza pikipiki mjini Tabora tangu nikiwa na miaka kumi na minane mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Sasa nina sitini na tano, naishi hapa na mke wangu Esta, mnayemwita Mama Neema mkija kuomba maji ya kunywa na kumaliza ndizi. Mimi mnaniita Mzee Nyonyo, na nimeona mnavyobana vicheko mkilitamka. Chekeni tu. Jina hilo lilikaa kwa mtu mwingine zaidi ya miaka arobaini, na halikuwa lake. Nitafika huko.

Tuanze na ile pikipiki nyekundu mnayoipiga picha kila nikiitoa. Mmoja wenu aliniuliza niliinunua wapi. Haiuzwi popote. Niliitengeneza mwenyewe uani, kati ya banda la kuku na jiko la Mama Neema, kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Ni pikipiki ya Kiingereza ya zamani, ya silinda moja, ambayo nimeigeuza ifanane na zile za mbio za enzi hizo: usukani umeshushwa chini, vikanyagio vimerudishwa nyuma, tangi refu, na kiti chenye nundu kwa nyuma. Ukiipanda unalala kifudifudi juu ya tangi kama mtu anayemnong'oneza ng'ombe. Kwa umri wangu kulala si tatizo. Tatizo ni kuinuka.

Niliikuta Ipole, kijijini kwetu, ndani ya bani la kukaushia tumbaku lililoachwa. Kuku wa mwenye bani walikuwa wanataga mahali pa betri. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, na hapa ndipo nyinyi mnaponiudhi. Nati ikigoma mnaipiga nyundo, nyundo ikishindwa mnaazima nyundo kubwa zaidi. Chuma kilichoshika kutu hakitaki nguvu, kinataka kubembelezwa. Kiloweshe mafuta ya taa siku mbili tatu. Kisha pasha moto kile kinachoizunguka boliti, si boliti yenyewe. Halafu, kabla ya kufungua, jaribu kwanza kuifunga. Ndiyo, kuifunga. Ikisogea hata upana wa unywele, umeshinda, sasa rudi nayo taratibu. Pistoni ile niliibembeleza wiki tatu. Mama Neema alisema yeye hajawahi kubembelezwa siku tatu.

Na beringi msizipige. Nyumba ya beringi ipashwe moto itanuke, beringi yenyewe ipoozwe inywee, halafu izame bila kelele. Wenye vifaa wana tanuri. Mimi nilichemsha nusu ya injini kwenye sufuria kubwa ya ugali wa sherehe, na beringi nikazilaza kwenye friji ya jirani anayeuza barafu za ubuyu. Zilizama vizuri sana. Ile sufuria haikurudi jikoni tena, sasa ni ya kunyweshea kuku.

Mfano nilioufuata ulikuwa picha moja tu, ukurasa wa kalenda niliouhifadhi sandukuni tangu ujana. Picha yenyewe ilipigwa kutoka upande wa kulia. Upande wa kushoto wa pikipiki ile hakuna mtu Tabora aliyewahi kuuona. Najua mtaniambia picha zipo kwenye simu, pande zote, mpaka chini ya tairi. Binti yangu Neema aliniletea simu akitaka kunionyesha, nikamwambia aifunge. Sikutaka kuangalia, na kwa nini sikutaka mtaelewa mkimjua Fundi Sefu.

Fundi Sefu ndiye aliyenifundisha kazi. Gereji yake ilikuwa Mtendeni, bati juu na udongo chini. Yeye ni mtu wa mjini hasa, amezaliwa nyuma ya msikiti, kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku zilizobaki. Mimi nilitoka Ipole, mtoto wa mfuga nyuki, Mmoraviani, nimevaa katambuga za tairi. Hakuniuliza dini wala cheti. Aliniuliza kama najua kunyamaza. Nikasema ndiyo. Akasema kumbe hujui, ungeitikia kwa kichwa.

Alimaanisha kazi. Fundi anayeongea haisikii injini. Alitufundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Vali iliyolegea utaisikia inagonga kama mgeni mwenye haya, na beringi iliyochoka inalalamika kama mtu wa ukoo kwenye kikao cha mahari. Nyinyi mnachomeka vipokea sauti masikioni halafu mnakuja kuniambia pikipiki inakula oili, hamjui tangu lini.

Alikuwa na spana namba kumi na tano ambayo haikuwa ya kufungulia kitu. Ilikuwa ya kugonga vifundo vya vidole vyetu, wanafunzi wake. Lakini sikilizeni vizuri: hakutugonga kwa kukosea. Ukivunja kitu ukaenda kumwambia, alikaa chini na wewe mkakitengeneza. Alikugonga ukificha.

Kwenye ukuta wa gereji palikuwa na kalenda ya miaka iliyopita, na ndiyo yenye picha ninayowaambia. Kila mchana, tukiwa tunakula mihogo, tulibishana mimi na yeye nini kipo upande wa kushoto. Yeye alisema breki ya mguu. Mimi nilisema breki na kifuniko cha mnyororo chenye matundu ya kupitisha upepo. Yeye akasema matundu ya nini, mnyororo unapumua? Yalikuwa mabishano ya watu wawili, vijana. Nisingeweza kuyamaliza peke yangu kwa simu ya Neema.

Fundi Sefu alikuwa na pikipiki ya Kiingereza aliyoachiwa na bwana shamba mmoja aliyestaafu, na alikuwa anaigeuza taratibu iwe kama ya kwenye kalenda. Sikukuu ilikuwa inakuja, na watu wa mjini walipanga mashindano ya pikipiki kwenye uwanja wa vumbi. Ile ilikuwa miaka ya foleni, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na oili ya injini ukiipata unaifungia kabatini pamoja na hati ya ndoa. Sasa fundi mmoja wa reli alimwambia Sefu siri: wazungu wa mbio hawakutumia oili ya kawaida, walitumia mafuta ya nyonyo. Yaani mafuta yanayotokana na mbegu za kile kimti kinachojiotea majalalani. Hayaungui upesi, na yanashika chuma hata injini ikiwa ya moto kupindukia.

Mjini walimcheka. Nyonyo walilijua kama dawa ya tumbo na mafuta ya nywele, walisema pikipiki ya Sefu itaharisha. Yeye hakujali. Aliwapa kina mama wawili kazi ya kukamua, akayachuja kwa kitambaa cheupe mara saba, akayajaza kwenye chupa kubwa ya kioo na kuniambia, Yeremia, chupa hii uiangalie wewe. Kati ya wanafunzi wanne alinichagua mimi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Wakati huohuo kulikuwa na msichana wa kwaya, sauti ya kwanza, ambaye nywele zake zilikuwa zimekatika kwa kitana cha moto. Alifunga kitambaa hata wakati wa kuimba, na alisema hatakubali kutembea na mtu yeyote mpaka nywele zirudi. Mimi nilikuwa na chupa nzima ya dawa ya nywele chini ya ulinzi wangu.

Nilichota kikombe kimoja. Nikamwambia ni mafuta ya bibi yangu wa Ipole. Wiki iliyofuata nikachota kingine. Kufikia wiki ya sikukuu chupa ilikuwa imeshuka chini ya nusu, nami nikaona njia rahisi kabisa: nikajazia kwa oili ya lori. Nikaitikisa, rangi ikafanana, nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru mapema.

Hili lishikeni hata mkisahau mengine yote. Mafuta ya nyonyo na oili ya kawaida havipatani. Vikikutana kwenye injini ya moto vinageuka utomvu, vinaziba matundu, na chuma kinabaki kikavu. Ukitaka kutoka kwenye kimoja kwenda kingine, fungua injini, osha kila tundu kwa petroli, pangusa, anza upya. Hakuna kujazia. Nilichokifanya mimi kina adabu ndogo kuliko kutia maji kwenye maziwa.

Siku ya mashindano Fundi Sefu alivaa kofia ya ngozi na miwani ya mchomelea vyuma. Mji mzima ulikuwepo. Alipoiwasha ile pikipiki moshi wake ulinukia utamu fulani, na watu waliokuwa wanacheka wakanyamaza kidogo. Aliongoza mzunguko wa kwanza. Kwenye kona ya mzunguko wa pili injini ilishika, gurudumu la nyuma likaganda, na mwalimu wangu akateleza kwenye vumbi mbele ya watu wote, akainuka na ovaroli lililopasuka makalioni.

Jioni ile ile walishampa jina. Nyonyo. Watoto wadogo walimwimbia njiani akienda msikitini, na mjini kwetu jina la kuimbwa halifutiki.

Kesho yake alifungua injini mbele yetu wanafunzi wote wanne. Akaona utomvu ule mweusi, akaupitisha kati ya vidole. Nilisubiri aniite. Badala yake alisema amekosea, kwamba nyonyo kumbe si mafuta ya injini, kwamba alisikiliza maneno ya barabarani kama mtoto. Halafu alifanya jambo ambalo sijawahi kulisahau: alituomba radhi kwa kutupotezea muda wa miezi minane. Wenzangu walisema hapana Fundi, usijali. Na mimi nikasema usijali. Aliniomba radhi kwa kosa langu, nami nikaipokea.

Aliitoa ile kalenda ukutani na kuitupa. Niliiokota. Pikipiki aliiuza kama chuma chakavu, ikaenda vijijini. Tangu siku ile hakugusa tena kitu cha mbio, na ukimtajia aliangalia pembeni. Mimi nilimaliza kujifunza, nikafungua gereji yangu, nikamwoa yule msichana wa kwaya. Ndiyo, ni Esta. Kila sikukuu nilimpelekea Fundi Sefu nyama, naye alinibariki. Mkitaka kujua nyama chungu ni ipi, ni hiyo.

Mwaka juzi nilistaafu, na katika kuzunguka Ipole kumtembelea kaka yangu Yona nikaikuta ile pikipiki kwenye bani, chini ya kuku. Niliijua kwa kovu la fremu, la kuanguka siku ile ya mashindano. Nikajua pia nimetumwa nifanye nini. Niitengeneze kama ya kwenye kalenda, niijaze mafuta ya nyonyo matupu, iende mpaka Mtendeni, na Fundi asikie kwa masikio yake kwamba alikuwa sahihi. Halafu nimwambie ni nani aliyemwangusha. Bila pikipiki ningeweza kumwambia, lakini maneno matupu yangemthibitishia nini? Fundi haamini mpaka injini iseme.

Nilipobakiza kazi ya mwezi mmoja, binti yake alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Fundi alikuwa na zaidi ya miaka themanini, macho yalishamwacha, na binti aliamua kuja kumchukua akaishi naye huko. Atakuja Ijumaa, wataondoka Jumapili. Mzee wa umri ule akienda Dar kwa mtoto wake, mnajua wenyewe, harudi Tabora akiwa anasikia. Mwezi wangu mmoja ukawa siku tisa.

Kilichobaki kilikuwa nundu ya kiti. Nilikuwa nimeifua kwa bati la pipa juu ya gogo, ikatokea vizuri, mviringo kama mgongo wa kobe, tupu ndani. Ili isipige kelele na isishike kutu, viungo vyote vya ndani nikavipaka nta, maana nta kwetu haikosekani. Kwa nyuma nikatoboa tundu la kupitisha waya wa taa, upana wa kidole gumba. Nikaipaka rangi Jumatatu. Uani kuna vumbi na kuku, kwa hiyo nikaitundika juu kwenye mjohoro ikauke kwa utulivu.

Waliotoka Ipole au Sikonge wameshanicheka. Wengine ngoja niwafafanulie. Unachukua kitu kilicho kitupu ndani, unakipaka nta, unakiachia tundu dogo, unakitundika mtini. Kitu hicho kinaitwa mzinga. Baba yangu alifanya kazi hiyo maisha yake yote, nami nilimshikia kamba tangu nina miaka sita. Jumatano asubuhi nilitoka kuangalia rangi yangu, nikakuta kundi zima la nyuki limeshahamia.

Esta alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama mti, akanitazama mimi, akarudi ndani kucheka vizuri. Kuua nyuki kwetu hakuna, wamekuja wenyewe, na mtoto wa baba yangu hawezi kuwapulizia dawa kama mende. Nikampigia Yona. Alifika Alhamisi kwa basi, amepakata mzinga wa gogo utadhani mjukuu, abiria wenzake wakidhani ni ngoma. Aliuzunguka mjohoro akiikagua nundu.

"Baba alitundika mizinga miaka yote, mingine nyuki waliikataa kabisa," alisema. "Wewe umetundika makalio ya pikipiki, wamehamia kwa siku mbili."

Aliwahamisha Ijumaa jioni kwa moshi na uvumilivu, akisema nao Kinyamwezi polepole, maana anasema nyuki wa kwetu Kiswahili wanakisikia lakini hawakiheshimu. Nikaifunga nundu kwenye kiti kabla jua halijazama. Yona aliniambia wamebaki wachache wakaidi, wataondoka wenyewe.

Jioni hiyo nilimwambia Esta habari ya mafuta. Zaidi ya miaka arobaini ya ndoa alikuwa anajua ni ya bibi yangu. Aliacha kuchambua mchele. Nilidhani atasema mengi, lakini alisema moja tu, kwamba kesho anakuja na mimi, kwa sababu nywele zilikuwa zake.

Jumamosi asubuhi nililijaza tangi la oili mafuta ya nyonyo, yamechujwa mara saba, chupa mpya, mlinzi mzee. Iliwaka kiki ya nne. Esta alipanda kwa mmoja wenu, anajijua, akanifuata nyuma. Mpaka njia panda ya kwanza nilikwenda kwa heshima ya umri wangu. Kisha injini ikapata joto, nundu ikapata mtikisiko, na wale wakaidi wachache wakaamua kuondoka wenyewe kama Yona alivyosema, ila njia waliyoiona ilikuwa suruali yangu. Nyinyi mlisimulia kijiweni kwamba mzee alipita mjini amelala juu ya tangi kama anafukuzwa. Nilikuwa nafukuzwa. Kasi ile haikuwa ya ufundi wangu. Lakini injini ilivumilia gia zote, kutoka hapa mpaka Mtendeni, haikukohoa hata mara moja, na kule nyuma moshi ulinukia ule utamu ambao nilikuwa sijaunusa tangu ujana.

Fundi Sefu alikuwa kibarazani kwake kwenye kiti cha kamba, kanzu safi, mabegi yamepangwa mlangoni. Nilizima injini, nikateremka kwa hatua tatu, mbili za mguu na moja ya kilio. Kabla sijatoa salamu aliinua pua.

"Nani anachoma nyonyo?"

Nikasema shikamoo Fundi, ni Yeremia. Akaitikia marahaba, lakini mikono ilishanyooshwa mbele. Nilimwongoza mpaka kwenye pikipiki. Alianza upande wa kulia. Akapapasa tangi, usukani, kikanyagio, akashika ekzosi na kuunguza kidole na hakujali. Alipofika kwenye kovu la fremu alisimama. Alijua ameshika nini. Akazunguka taratibu mpaka upande wa kushoto, akakuta breki yake, akakuta kifuniko changu chenye matundu, akaguna. Halafu vidole vikakwama kwenye kulabu.

"Hii nini?"

Nikamweleza ni ya kikapu, Mama Neema alisema pikipiki isiyofika sokoni haitengenezwi uani kwake.

"Na yule mzungu wa kwenye picha, alikuwa na kulabu upande huu?"

"Hatujui, Fundi. Hakutuonyesha."

Alicheka mpaka akashika kiti. Na ilikuwa rahisi sana kuacha mambo pale, vijana. Ilikuwa rahisi kama kutikisa chupa. Alikuwa na furaha, angeondoka na furaha yake, na mimi ningebaki na pikipiki nzuri. Nilimtazama Esta.

"Fundi, mafuta hayakuwa na kosa siku ile," nikasema. "Niliyachota mimi, nikajazia oili ya lori. Nilimpelekea Esta ya nywele."

Kicheko kilikatika. Binti yake alitoka ndani akasimama mlangoni. Nilimweleza Fundi yote, vikombe, chupa, kutikisa, na jinsi nilivyosema usijali. Kisha akamwambia binti yake afungue begi dogo alete spana. Mtu amefungashiwa kanzu na dawa za macho kwenda Dar, na spana namba kumi na tano imo ndani.

"Leta mkono," aliniambia.

Nikaleta. Nina wajukuu saba, nimesimama barabarani Mtendeni na mkono mbele. Alitafuta vifundo vyangu kwa kidole gumba, akavipata, akagonga mara moja. Akasema hiyo ni ya mafuta. Halafu akangoja, mpaka nikadhani imekwisha, na ya pili ikashuka na uzito wa miaka yote.

"Hiyo ni ya siku niliyokuomba radhi."

Nililia, siwafichi. Haikuwa kwa spana, na nyuki walishamaliza kazi yao njiani. Yeye akarudi kukaa, akashusha pumzi, na sauti aliyotumia sasa nilikuwa naijua, ya gereji, ya mchana, ya mihogo.

"Babu zako Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, na mzigo ulifika kamili," alisema. "Wewe nilikupa chupa moja, ndani ya gereji, umekaa nayo chini ya bati. Ikapungua."

Nikasema ndiyo Fundi. Akageuza uso kuelekea alikosikia kanga ya Esta.

"Na hizo nywele, zilikua?"

"Zilikua, Fundi," Esta alijibu. "Mpaka mabegani. Sasa zimeanza kukatika tena."

"Basi angalau kitu kimoja kilifika."

Akaomba apandishwe. Binti alikataa, mimi nikakataa, naye akatuuliza nani fundi hapa. Tulimpandisha ikiwa kwenye stendi, nikapiga kiki, na yule mzee asiyeona akainama taratibu mpaka kidevu kikagusa tangi, viwiko ndani, magoti yamebana, sawasawa kabisa na picha ambayo aliitupa. Akavuta mafuta. Mtaa mzima ulitoka nje, na wa umri wangu wakaanza kunong'onezana lile jina. Alilisikia. Masikio yake hayakustaafu.

Alipunguza mafuta, akainuka, akanyoosha mkono mpaka akanishika bega.

"Jina mnaloliita lina mwenyewe," aliwaambia. "Nimemtunzia muda mrefu. Huyu hapa, mchukueni."

Aliondoka Jumapili. Yupo Dar, anasikia vizuri, na kila Ijumaa ananipigia simu kuuliza kama kifuniko changu kimeanza kupumua. Simu ya Neema yenye picha za upande wa kushoto bado hatujaifungua, hakuna kati yetu mwenye haraka.

Kwa hiyo mkija kwangu na injini iliyokufa, msiniambie iliharibika yenyewe. Niambieni mlichojazia, nami nitakaa chini na nyinyi tutatengeneza. Na mkipita hapa niiteni jina langu kwa sauti, msibane vicheko. Nyonyo! Nitaitika hata nikiwa chooni. Nilichelewa kuitika, na aliyekuwa anaitika badala yangu sasa ametua mzigo.